Dawa Inalala Wapi

Nina hasira, nawaambia mapema. Asiyetaka kusikia bibi akifoka aende akaangalie mpira.

Juzi nilitoka nyumbani kwangu hapa Ibighi kufuata sukari dukani. Karibu na banda la chipsi nikakuta watu wamejazana. Nikapenya. Chini kuna kijana, dereva wa bodaboda, ameanguka kifafa. Mwili unatikisika, povu linamtoka, kichwa kinagonga kwenye kokoto. Na ninyi mmesimama. Wakubwa kwa wadogo mmesimama, simu juu, mnarekodi. Aliyekuwa anafanya kitu ni mmoja tu, muuza chipsi, naye alikuwa anakuja mbio na kijiko cha chuma amtie mwenzake mdomoni.

"Wewe! Kijiko hicho kachotee kachumbari!" nikamwambia.

Nikavua kitenge changu cha juu, nikakikunja, nikakiweka chini ya kichwa cha yule kijana. Nikamfungua kifungo cha shingoni. Dada mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Bibi, usiguse hilo povu! Utaambukizwa!" Nikamjibu bila kugeuka, "Mwanangu, povu hili nimelifuta tangu mama yako hajaolewa. Nitazame vizuri. Nimeanguka?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtikisiko ulipoisha nikamlaza ubavu, nikakaa naye hapo hapo kwenye tope mpaka akaweza kuniambia jina lake. Kisha nikarudi nyumbani, sukari nimesahau, nikatafuta kalamu.

Kwa hiyo haya nawaandikia ninyi wauguzi mnaoanza kazi, na ninyi wenye simu mikononi. Naitwa Bupe. Nilikuwa nesi wa kliniki ya kifafa katika hospitali moja ya wilaya hii ya Rungwe mpaka nilipostaafu. Hospitali siitaji jina, maana nikiitaja watakuja kuniuliza nani kasema nini kuhusu nani, na mimi sina muda huo.

Aliyenifundisha kazi ni tabibu mmoja mzee, Lazaro, mtu mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha, mkali kunizidi. Siku hizo kliniki yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya wagonjwa wa akili. Hilo peke yake lilitosha kunitia kichaa mimi mwenyewe. Mtu ana kifafa, akili yake timamu, anajua hesabu kukushinda wewe, halafu unamkalisha benchi moja na mtu anayeongea na ukuta, na kila anayepita anasema, "Aa, kumbe fulani naye ni mwehu." Wangapi walikuja mara moja wakaiona ile benchi, hawakurudi tena! Lazaro alikuwa anawaambia ndugu wa wagonjwa, "Umeme wa nyumbani kwako ukipiga shoti, utasema nyumba ina wazimu? Basi huyu ni hivyo hivyo. Ni shoti tu, kichwani."

Kabla hajagusa dawa, Lazaro alikuwa na swali lake moja: nani aliona? Hakumwuliza mgonjwa. Alisema kumwuliza mgonjwa kifafa chake ni kumwuliza mtu aliyelala alikoroma namna gani. Anayejua ni aliyekuwa kando. Kwa hiyo alikuwa anawarudisha watu nyumbani wakamlete shangazi, au jirani, au mwalimu wa darasa. Na shahidi akija haachiwi aseme tu "alianguka, akatikisika." Anaambiwa aigize! "Mkono upi ulianza? Macho yaligeukia wapi? Alitafuna? Alishikashika nguo?" Kuna mama mmoja mchuma chai kutoka Kyimo aliigiza kifafa cha mumewe vizuri hivi kwamba mfagizi aliyekuwa mlangoni alitupa ufagio akakimbilia machela. Tulicheka mpaka Lazaro akapaliwa na kikohozi chake. Lakini kutokana na lile igizo alijua kwamba mume yule kifafa chake kinaanzia upande mmoja, akabadilisha dawa, na yule bwana akapona kuanguka.

Leo mna mashine. Huko rufaa Mbeya wanakubandika nyaya kichwani wanasoma umeme wa ubongo kwenye kompyuta. Ni jambo zuri, sikatai. Nimewapeleka wagonjwa wengi, na nimegombana na wanawake wengi waliokataa kufumua nywele walizosukwa jana yake. Lakini mashine inasoma ubongo wa saa ile mtu amekaa kimya kwenye kiti. Haikuwepo jikoni kwake. Kwa hiyo ninyi wenye simu, ndiyo, rekodini! Kwanza mlaze ubavu, muondolee moto na mawe, angalia saa, kisha rekodi. Halafu hiyo video mpelekee daktari. Usiitupe kwenye kundi la WhatsApp la watu waliosoma pamoja darasa la saba.

Na mdomoni usimtie kitu. Usimtie kijiko, usimtie kidole, wala ufunguo, wala sijui kiberiti cha kunusa. Ulimi haumezwi! Nani aliwaambia ulimi unamezwa? Nimeona meno yaliyong'olewa na vijiko, nimeona kidole cha kaka mtu kimekatika kiungo. Na wale wanaosema mgonjwa akijamba wakati anatikisika ukavuta ile hewa umekwisha kukipata kifafa, nawaomba wanieleze sisi manesi wa kile chumba kisicho na dirisha tulisalimika vipi.

Halafu kuna watu wa kusema "acha dawa." Hawa ndio wananipandisha presha. Alipita mhubiri mmoja wa kuzungukazunguka, akamwambia binti wa watu, mzuri, aliyekaa muda mrefu bila kuanguka, kwamba amepona, atupe vidonge chooni kama ushahidi wa imani. Akatupa. Alipoletwa kwetu alikuwa anaanguka kifafa juu ya kifafa, hazinduki katikati. Tulihangaika naye sana. Alipona, Mungu ni mwema, lakini hakuwa tena yule binti aliyeondoka. Mimi ni Mkristo, nimeimba kwaya tangu msichana, na Mungu ninayemwomba mimi sijawahi kumsikia akigombana na kidonge. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla. Hata ukiugua kitu kingine, hata ukijisikia mzima kabisa, huachi mpaka mliyekaa naye kliniki aseme, naye atakupunguzia polepole.

Sasa nataka niwaambie habari za Tusekile, maana ndizo zilizonifanya nishindwe kulala usingizi mzuri hata baada ya kustaafu.

Tusekile alikuwa ameolewa Kyimo na kijana anaitwa Gwamaka, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Mtoto wao wa kike alikuwa ndio kwanza ameanza kutembea. Tusekile ana kifafa tangu utotoni, na kwa miaka mingi dawa ilikuwa imemtuliza vizuri. Kisha ghafla akaanza kuanguka tena. Anakuja kliniki, Daktari anamwuliza, "Dawa unakunywa?" Anajibu, "Nakunywa." Dawa ikaongezwa. Akarudi anapepesuka kama aliyelewa, anasinzia amesimama, mtoto mgongoni nusura amwangushe. Tukasema labda tumezidisha. Mara tukasikia kaanguka tena, na si mara moja, mfululizo. Mtu mmoja, dawa ile ile, leo imemlevya, kesho kama hajaiona. Ilitushinda kuelewa.

Siku moja aliniita pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Sista, wamesema nikianguka tena wananirudisha kwetu. Mtoto anabaki."

"Nani kasema?"

"Shangazi yake Gwamaka. Shangazi Sekela. Anasema mtoto ni wa ukoo wao, na mimi nitamwangusha motoni."

Damu ilinichemka. Mwanamke ananyonyesha, analima, anapika, anachuma chai ya watu, halafu anarudishwa kwao kama sufuria lililotoboka! Nikamwambia hatarudi kwao, tutatafuta dawa. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na hasira, dawa yenyewe nilikuwa sijui ni ipi.

Kisha akaja siku ile na mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Nikafungua. Sitaki kuwaelezea nilichokiona. Aliangukia kwenye mafiga, ugali ukiwa jikoni, mkono ukabaki kwenye moto mpaka alipotokea jirani kumvuta.

Daktari wetu wakati huo alikuwa dada mmoja kijana, mtu wa Tanga, aliyekwenda kusomea magonjwa ya ubongo akarudi kwetu kwenye baridi hii akiwa amevaa masweta mawili. Akauliza swali la Lazaro, ingawa Lazaro hakumkuta. "Nyumbani alikuwepo nani? Nani aliona?"

Tusekile akainamisha uso.

"Tusekile, mwanangu," nikasema, "nani aliona?"

"Alikuwepo yule," akasema.

"Yule nani?" Daktari akauliza.

Tusekile hakujibu. Mimi nilikwisha elewa, maana mimi pia nimeolewa katika ukoo wa Kinyakyusa. Yule ni baba mkwe.

Kwa wale msioijua mila yetu, niwaeleze. Kwa wazee wetu, mke wa mwanao hakutazami, nawe humtazami. Mkikutana njiani yeye ndiye anayepisha, anaingia kwenye migomba mpaka upite. Jina lako halitaji. Ulipokaa haingii. Kumgusa ndiyo kabisa, hata kwa bahati mbaya. Ni heshima. Mjini wengi wameiacha, na hata vijijini wengi wameilegeza, lakini zipo nyumba ambazo bado wameishika vile vile, na nyumba ya mzee Ambakisye, baba yake Gwamaka, ilikuwa mojawapo.

Nilipomweleza Daktari hayo, akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Sista, dawa yake inalala wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Nyumbani wapi? Kabatini? Chini ya mto? Kwa jirani? Mtu anayelewa leo na kuanguka kesho, dawa anaipata siku nyingine na siku nyingine haipati. Nenda kaone inakolala."

Nikaenda Kyimo. Mvua ilikuwa inanyesha, na ninyi mnaijua mvua ya Rungwe, ikishakaa imekaa, nguo zinaota ukungu kwenye kamba. Mzee Ambakisye nilimkuta barazani kwake anapukuchua mahindi. Mzee wa kanisa, koti safi, shati limefungwa mpaka shingoni. Tukasalimiana Kinyakyusa, vizuri, kwa urefu, kama inavyotakiwa, tukaulizana habari za watoto na za mashamba. Salamu zilipokwisha ndipo nikaanza kufoka.

"Baba, ni kweli ulisimama mlangoni ukamtazama mtoto wa watu anaungua?"

"Sikumtazama," akasema. "Niligeuza uso."

Aligeuza uso!

"Nilipiga kelele," akaendelea. "Nilipiga sana kelele, mama. Jirani akaja."

"Jirani anakaa wapi?"

Akanyoosha mkono. Ng'ambo ya shamba lote la chai, kule kwenye bati jekundu. Nikaitazama ile chai, nikauona ule mwendo, na yule mama anakimbia huku mkono uko motoni.

"Ulitaka nifanyeje?" akaniuliza, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda. "Nimshike mkwe wangu? Mimi?"

"Ndiyo! Umshike! Ungemvuta hata mguu!"

Akayaacha mahindi. Nikakumbuka kilichonileta. Nikamwuliza dawa ziko wapi.

Akaniingiza ndani ya nyumba kubwa. Juu ya rafu, kando ya redio yake, palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani vidonge vya Tusekile, vikavu, visafi, havijaguswa na moshi wala panya wala mtoto. Sisi wenyewe kliniki ndivyo tunavyowafundisha watu: mahali pakavu, pa juu, mbali na jiko na watoto. Jikoni kwa Tusekile bati lilikuwa linavuja. Kwa hiyo kopo lilikuwa mahali pazuri kuliko pote katika boma lile.

"Nani aliliweka hapa?"

"Marehemu mke wangu. Kila jioni alikuwa anatoa kidonge, anampelekea jikoni pamoja na maji."

"Na tangu alipofariki?"

"Anachukua mwenyewe, nadhani."

"Saa ngapi, baba? Jioni wewe si unakuwa humu humu?"

"Nikitoka," akasema. "Jioni huwa natoka kidogo kwa jirani kuzungumza."

"Na mvua ikinyesha?"

Akatazama nje. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya migomba, juu ya jiko la Tusekile, juu ya chai yote mpaka kule kwenye bati jekundu.

"Mvua ikinyesha sitoki," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Kukiwa na jua mzee anatoka, Tusekile anaingia mbio anachukua kidonge chake, kile tulichokiongeza nguvu, analewa. Mvua ikikaa, mzee amekaa, naye Tusekile anasimama nyuma ya jiko akisubiri atoke, hatoki, analala bila dawa, kesho vile vile, na siku za mvua zikifuatana ndipo anaanguka. Pale kijijini walikuwa wanasema kifafa chake ni cha ukungu wa mlimani. Wengine walisema marehemu mama mkwe anamrudia. Gwamaka mumewe alikuwa anaondoka kwenda zamu ya usiku kabla hata ugali haujaiva, na dawa kwake ni mambo ya wanawake. Na Tusekile hawezi kusema. Atasemaje? Asimame mbele ya Daktari aseme nimeikosa dawa kwa sababu ya baba mkwe? Huko ni kumshitaki mtu ambaye hata jina lake halitamki. Tulikuwa tunamwuliza kama anakunywa, anasema anakunywa, na hakudanganya. Siku anazoipata anakunywa.

Nilimwambia mzee kopo lihame. Akakubali. Nikamwambia zaidi: lazima ujue kumshika akianguka, maana Gwamaka akienda kazini kwenye boma hili mko wewe na yeye na mtoto tu. Akakataa kwa kichwa. Basi nikatandika gunia barazani, nikalala chini mimi mwenyewe, nesi mzima na sare yangu.

"Haya, nigeuze ubavu."

Mzee akasimama mbali. "Mama, haifai."

"Mimi si mkwe wako! Mimi mume wangu yuko Ibighi anakula parachichi! Nigeuze!"

Akasogea, akanishika bega kwa ncha za vidole kama anashika kiwavi. Nikamfokea. Akashika vizuri. Nikamfundisha: goti hili likunje, mkono huu uwe chini ya shavu, mdomo uelekee chini ili mate yatoke, usimbane, usimpe maji, kaa naye. Tukarudia mpaka mgongo ukaniuma. Mtoto wa Tusekile alikuja akatutazama, akalala na yeye kwenye gunia kando yangu, akamnyooshea babu yake mikono amgeuze. Mzee akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile, akamgeuza.

Kisha akachukua kopo mwenyewe. Sikumwambia. Alitoka nalo kwenye mvua bila kofia, akaenda mpaka karibu na jiko, akakohoa ili mkwewe ajue anakuja. Ndani tulisikia vyombo vikianguka, Tusekile anajificha. Mzee akaliweka kopo juu ya kinu kilichopinduliwa pale mlangoni, akageuka, akaipa migomba uso wake, akasema kwa sauti, "Kopo liko hapa. Likae huko."

Daktari alipunguza dawa ikarudi kipimo cha zamani. Tusekile aliamka. Nasema aliamka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, macho yalifunguka, akaanza kutucheka kliniki, akaanza kunitania kwamba nimenenepa. Msimu mzima wa mvua ukapita bila yeye kuanguka. Nikadhani tumemaliza.

Halafu akapata malaria. Homa kali huweza kuamsha kifafa hata kwa anayekunywa dawa vizuri, hilo nalo mlijue. Alikuwa anatoka shambani, mvua kubwa, akaanguka kwenye mtaro wa maji ulio kando ya nyumba, kifudifudi, uso ndani ya maji. Mtoto akalia. Mzee Ambakisye alikuwa barazani kwake.

Jirani yule wa bati jekundu ndiye aliyenisimulia, maana alisikia mtoto na akaja mbio safari hii pia. Alimkuta mzee amekaa kwenye matope, koti lake safi limeharibika, kichwa cha mkwewe kiko mapajani mwake, amemgeuza ubavu, anamfuta povu na maji ya mtaro kwa shati lake mwenyewe. Na hakumwacha mpaka Tusekile alipofungua macho, akamwona ni nani, akapiga yowe la aibu.

Hadithi nzuri ingeishia hapo. Lakini niliwaambia nina hasira.

Habari zilienea. Mkwe kashikana na baba mkwe! Shangazi Sekela akaitisha kikao cha ukoo. Sasa alikuwa na makosa mawili mkononi. Mwanamke bado anaanguka, na mwanamke ameharibu heshima ya nyumba. Wakubwa wa ukoo wakakaa barazani kwa mzee Ambakisye. Gwamaka alinifuata nije nieleze ugonjwa, nikaenda, nikakalishwa upande wa wanawake. Nilieleza habari za homa na za dawa, nikasema kopo lilikuwa linalala wapi na kwa nini. Nilieleza vizuri. Walinisikiliza kwa adabu, kama mnavyomsikiliza mtu wa kutangaza chanjo, kisha Shangazi Sekela akasema, "Tumekusikia, sista. Lakini huyu arudi kwao. Mtoto atalelewa hapa." Gwamaka alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitamani nimpige na kimojawapo.

Shangazi Sekela akamgeukia kaka yake, mzee Ambakisye. "Kaka, sema mbele ya watu. Ulimshika mkweo, hukumshika?"

Mzee akasimama. Nilijua ni mtu wa maneno machache.

"Nilimshika," akasema. "Nikamtoa kwenye maji, nikamgeuza ubavu, nikamfuta mate. Mara ya kwanza sikumshika. Nilisimama pale mlangoni, nikageuza uso, mkono ukaungua. Siku ile hakuna hata mmoja wenu aliyeniitishia kikao."

Akakaa. Mjomba mmoja alikohoa. Shangazi Sekela alifunga kitenge chake, akakifungua, akakifunga tena, akasema kama ni hivyo basi chai iletwe, watu wanywe waondoke.

Tusekile hakurudishwa kwao. Yuko Kyimo mpaka leo, na binti yake anasoma. Dawa inalala jikoni kwake, imening'inizwa ndani ya mfuko wa nailoni mbali na moshi, na bati Gwamaka alilitengeneza, baada ya mimi kumfuata mpaka lango la kiwanda mbele ya wenzake.

Basi ninyi mnaoingia kliniki na mashine zenu, ulizeni nani aliona, na mkishajibiwa ulizeni dawa inalala wapi, na usiku huo nani yuko kati ya mgonjwa na kopo lake. Na msiniambie nipunguze sauti. Kila mtu ananiambia, "Bibi Bupe, mbona unasimulia kwa ukali, si iliisha vizuri?"

Iliisha vizuri. Siku ile ya kikao Tusekile ndiye aliyetuletea chai. Aliingia ameinama, akatupitishia vikombe kwa mkono wa kushoto, maana vidole vya mkono wa kulia vilijikunja baada ya kuungua na havifunguki tena. Kwetu kumpa mtu mzima kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, na yeye analijua hilo. Kwa hiyo kila aliyempa kikombe alimwambia, "Nisamehe." Alimwambia Gwamaka, akamwambia mjomba, akamwambia Shangazi Sekela, akaniambia mimi. Kikao kizima cha watu wazima, na aliyeomba msamaha ni yeye.